Presha inapotetemeka kwenye modeli ya mshipa wa damu: Aitken, IQN-ILS, Robin au mfumo mmoja?

Modeli ya damu inayopita kwenye ateri yenye ukuta unaotanuka huwasumbua wengi kwa namna ileile. Hatua chache za mwanzo zinakwenda vizuri, halafu presha inaanza kupanda na kushuka kila hatua, meno ya grafu yanazidi kurefuka, na muda si mrefu meshi (wavu wa seli za hesabu) inajikunja na programu inasimama. Wengi hukimbilia kupunguza hatua ya muda. Kwa mishipa ya damu dawa hiyo mara nyingi haisaidii kitu, na kuna hali ambapo inazidisha tatizo.

Njia zinazotumika kutuliza mtetemo wa aina hii ni nne: ulegezaji wa Aitken, mbinu ya IQN-ILS, sharti la mpaka la Robin, na kutatua damu na ukuta kama mfumo mmoja. Zote ni nzuri, na kila moja ina mahali inapokwama. Makala haya ni ya mtu ambaye modeli yake tayari inatetemeka na hajui aende na ipi.

Kwanza: mtetemo huu ni wa nani?

Mfano wa kufanyia hesabu uwe bomba la majaribio ambalo watu wa fani hii wamelizoea tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Urefu ni mm 50, nusu kipenyo mm 5, unene wa ukuta mm 1, moduli ya Young kPa 300, uwiano wa Poisson 0.3. Densiti ya ukuta ni kg/m³ 1200, ya damu kg/m³ 1000, na mnato Pa·s 0.003. Mlango wa kuingilia unapewa presha ya Pa 1333 (mmHg 10) kwa milisekunde 3, kisha sifuri. Hatua ya muda ni ms 0.1, na ukuta umeshikwa ncha zote mbili.

Chora presha ya nukta moja katikati ya bomba, kila hatua ya muda iwe na alama yake, usiunganishe kwa mstari laini. Ukiona alama zinabadilika juu, chini, juu, chini kila hatua, hilo ni tatizo la namba. Ukiona mawimbi yanayochukua hatua nyingi, piga kwanza hesabu ya kasi ya wimbi kwa fomula ya Moens na Korteweg: mzizi wa Eh/(2ρR), ambapo E ni moduli ya Young, h unene wa ukuta, ρ densiti ya damu na R nusu kipenyo. Kwa bomba letu ni mzizi wa 30, yaani m/s 5.5. Wimbi linafika upande wa pili kwa ms 9 na kurudi kwa ms 18. Basi mtetemo wenye kipindi cha ms 18 hauna kosa la namba ndani yake. Ni wimbi halisi linalogonga mlango wa kutokea uliowekewa presha sifuri na kurudi. Ongeza urefu wa bomba mara mbili; kipindi kikiongezeka mara mbili, umelipata. Hakuna njia kati ya hizo nne itakayoliondoa. Weka mlangoni ukinzani wa ρc/A, ambao hapa ni kama Pa·s/m³ milioni 70, au Windkessel kamili ya vipande vitatu (modeli ya ukinzani na unyumbufu wa mishipa iliyo mbele) kwa modeli ya mgonjwa.

Majaribio mengine matatu yanachukua muda mfupi na yanaokoa kazi kubwa. Endesha damu peke yake, ukuta ukiwa mgumu usiosogea. Meno yakibaki, kosa liko upande wa damu, mara nyingi ni damu inayorudi ndani kupitia mlango wa kutokea moyo unapolegea, hapo unahitaji uimarishaji wa mtiririko wa nyuma (kwenye programu za SimVascular kizidishi chake huwekwa 0.2). Kisha endesha ukuta peke yake kwa presha iliyopangwa. Ukitetemeka peke yake, kosa ni la mbinu ya muda ya ukuta au la kupakia presha ghafla. Newmark, mbinu ya muda inayotumika sana kwa ukuta, yenye β 0.25 na γ 0.5 haipunguzi mtetemo wowote, hata ule wa masafa ya juu usio na maana. Kwenye CalculiX (programu ya kukokotoa ukuta), ALPHA ya *DYNAMIC, namba inayopunguza mtetemo, ni −0.05 usipoiandika, ipeleke karibu na −0.3 uone. Na presha ya mmHg 80 isipakiwe kwa hatua moja juu ya ukuta usio na mkazo, ipandishe taratibu.

Jaribio la mwisho ndilo linalotoa uamuzi: ongeza hatua ya muda mara kumi. Mtetemo ukipungua, una tungamo la ziada (uzito wa damu unaobebwa na ukuta) mkononi, na sehemu inayofuata ni yako.

Kwa nini kupunguza hatua ya muda hakusaidii

Sukuma ubao mwembamba uliozama majini: mkono unasikia uzito wa maji, hausikii uzito wa ubao. Ukuta wa ateri uko hivyohivyo ndani ya damu. Densiti zao zinakaribiana, na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo damu inayosukumwa nao ina tungamo kubwa kuliko ukuta wenyewe. Ubawa wa ndege hewani hauna shida hii, ndiyo maana mbinu zilizokuja kutoka kwenye anga zinavunjika zikiletwa kwenye ateri.

Mwaka 2005 Causin, Gerbeau na Nobile waliliweka jambo hili kwenye fomula kwa modeli rahisi. Tungamo la damu linalosikika na ukuta, kwa kila mita ya mraba, ni ρ ya damu mara μ, ambapo kwa wimbi refu kuliko yote μ = L/(π·tanh(πR/L)), L ikiwa urefu wa bomba. Kwa bomba letu μ ni mm 52. Basi damu inachangia kg/m² 52, wakati ukuta wenyewe (1200 × 0.001) una kg/m² 1.2 tu. Ukiunganisha vikokotozi viwili (programu moja ya damu, nyingine ya ukuta) kwa kupeana taarifa mara moja tu kila hatua, na uwiano wa tungamo la ukuta kwa la damu ukiwa chini ya 1, hesabu inalipuka kwa hatua yoyote ya muda. Hapa uwiano ni 0.023.

Ukirudia ndani ya kila hatua mpaka vikokotozi vikubaliane, inabidi upokee sehemu ω tu ya msogeo mpya. Kikomo cha ω ni 2(ρh + aΔt²)/(ρh + ρμ + aΔt²), ambapo ρh ni ya ukuta, ρμ ni ya damu, na a = Eh/(R²(1−ν²)) ni ugumu wa ukuta, ν ikiwa uwiano wa Poisson. Weka namba:

- Δt ms 1: ω lazima iwe chini ya 0.43
- Δt ms 0.1: chini ya 0.050
- Δt ms 0.01: chini ya 0.045

Hatua ndogo inaua mchango wa ugumu wa ukuta, unabaki na tungamo peke yake. Urefu nao una neno: bomba la mm 100 badala ya 50, kwa ms 0.1, linashusha kikomo hadi 0.013. Mtu aliyejaribu modeli yake kwenye kipande kifupi na kufurahi, kisha akapeleka mipangilio ileile kwenye aota nzima, akutane na namba hii kabla ya kulaumu programu.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne zinapimwa hapa kwa maswali yaleyale. Inafanya nini hasa? Inadai nini: kuingia ndani ya msimbo, kumbukumbu ya kompyuta, programu maalumu? Uanze na namba zipi? Ikiharibika, utaionaje? Na inamfaa nani? Usahihi haumo, kwa sababu zikitulia kikamilifu kwa meshi na hatua ileile ya muda, zote zinatatua milinganyo ileile. Zikitoa majibu tofauti, mojawapo haijatulia.

1. Ulegezaji wa Aitken

*Kazi yake.* Kikokotozi cha damu kinapewa mwendo wa ukuta na kutoa nguvu. Cha ukuta kinapewa nguvu na kutoa msogeo mpya. Tofauti kati ya msogeo uliotoka na ule ulioingia ni baki, r. Aitken inachagua ω upya kila mrudio kwa kuangalia mabaki mawili ya mwisho: ω mpya = −ω ya zamani × [r ya zamani · (r mpya − r ya zamani)] / |r mpya − r ya zamani|². Ikiona baki limegeuka ishara, inapunguza. Ikiona linashuka polepole upande uleule, inaongeza.

*Inachodai.* Karibu hakuna. Vekta mbili za kuhifadhi na mistari michache ya msimbo. Vikokotozi vinaweza kuwa vya mtu mwingine usivyoweza kuvifungua, mradi viweze kurudi mwanzo wa hatua na kuianza tena. preCICE, solids4foam na programu nyingi za kuunganisha zinayo tayari.

*Namba za kuanzia.* ω ya kwanza iwe chini ya kikomo ulichokokotoa: kwa bomba letu 0.03. Marudio yasizidi 50 kwa hatua. Kiwango cha kutulia kwa msogeo 1e-5 na kwa nguvu 1e-4, vyote kwa uwiano. Kikokotozi cha ndani kiwe kikali zaidi angalau mara mia, kwa mfano 1e-8 kwa mfumo wa mstari wa damu. Vikokotozi vipokezane zamu, kimoja baada ya kingine. Kuviendesha sambamba kunaidhoofisha sana Aitken.

*Inapoharibika.* Fungua faili la mabaki. Utaona kitu kama 1, 0.4, 0.09, 0.11, 0.08, 0.10, 0.09 mpaka mrudio wa 50, kisha hatua inayofuata inaanza juu ya jibu bovu. Makosa hayo yanajumlishana na kujitokeza kama meno madogo ya presha ambayo hayalipuki lakini hayaishi. Sababu ni kwamba ω ni namba moja na mawimbi ni mengi. Kwenye bomba letu wimbi refu linasikia damu ya kg/m² 52 na linataka ω ya 0.025, wimbi la kumi kwa ufupi linasikia 1.6 tu na lingefurahia 0.45. Namba moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Kuongeza marudio hadi 100 kunasaidia kwa gharama, na mara nyingine hakusaidii.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye mshipa mfupi au ukuta mnene, na yeyote anayetaka kuhakikisha kwamba kubadilishana data kati ya vikokotozi ni sahihi kabla ya kuongeza ugumu. Ni njia nzuri ya kwanza hata kama hutabaki nayo.

2. IQN-ILS

*Kazi yake.* Hii ilitolewa na Degroote, Bathe na Vierendeels mwaka 2009. Badala ya namba moja, inakusanya tofauti za mabaki na tofauti za misogeo kutoka kwenye marudio yaliyopita, inazipanga kama safu za matriksi mbili, na kwa miraba midogo zaidi inatafuta mchanganyiko wa safu hizo unaofuta baki la sasa. Inafaa mishipa kwa sababu mawimbi mabaya ni machache: ni yale marefu. Safu tano hadi kumi zinatosha kuyafahamu, na mawimbi mafupi yanatulia yenyewe. Kwa kawaida hatua inatulia kwa marudio chini ya kumi pale ambapo Aitken ingehangaika kwa ishirini na zaidi.

*Inachodai.* Bado vikokotozi vinabaki vimefungwa. Kumbukumbu inayoongezeka ni ya mpaka tu kati ya damu na ukuta, si ya modeli nzima, kwa hiyo kompyuta ya mkononi haitalalamika. Kinachodaiwa zaidi ni nidhamu ya mipangilio, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

*Namba za kuanzia.* Kwenye preCICE: ulegezaji wa kwanza 0.1 (au 0.03 kwa mshipa mrefu, unatumika tu mpaka safu za kwanza zipatikane), kumbuka hatua 8 hadi 15 zilizopita, safu zisizidi 100, kichujio QR2 (kinachofuta safu zinazofanana mno) chenye kikomo 1e-2. Ukiviendesha vikokotozi sambamba, msogeo na nguvu vinaingia kwenye vekta moja: msogeo uko kwenye mikroni, nguvu ziko kwenye namba za ukubwa mwingine kabisa. Bila kusawazisha, miraba midogo itaona kimoja na kukidharau kingine. Chagua usawazishaji wa residual-sum.

*Inapoharibika.* Mrudio wa tatu au wa nne msogeo unaruka ghafla mara mia, seli za meshi zinakuwa na ujazo hasi, kazi inakufa. Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kikokotozi cha ndani kilicholegea: ukiruhusu damu isimame kwenye 1e-4 huku uunganishaji unadai 1e-5, tofauti kati ya marudio mawili inakuwa kelele tupu, na mbinu inajifunza kelele. Kaza kwanza kikokotozi cha damu; kwenye OpenFOAM (programu ya mtiririko) maana yake ni kuongeza marudio ya nje ya PIMPLE, mzunguko wake wa kutatua kasi na presha, na kushusha kiwango cha presha. Cha pili ni safu zinazofanana mno. Ukiona kwenye taarifa kwamba kichujio hakifuti safu hata moja, kaza kikomo kwa kukipandisha. Kikifuta karibu zote, legeza. Jambo la tatu hutokea moyo unapoanza kubana: tabia ya mfumo inabadilika upesi na safu za hatua 15 zilizopita zinakuwa za hali iliyokwisha kupita. Punguza kumbukumbu hadi hatua 3 au 5. Ukibadilisha hatua ya muda katikati, futa kumbukumbu yote.

*Inamfaa nani.* Mwenye vikokotozi viwili huru, kama OpenFOAM na CalculiX, na modeli ya ateri ya ukubwa wa kawaida. Kwa msomaji aliyekwama kwenye Aitken, hii ndiyo hatua fupi kuliko zote: ni kubadilisha sehemu moja ya faili la mipangilio.

3. Sharti la mpaka la Robin

*Kazi yake.* Njia mbili za kwanza zinatibu matokeo. Hii inakwenda kwenye chanzo. Badala ya kuiambia damu "ukuta uko hapa, kasi yake ni hii", unaipa mchanganyiko wa kasi na nguvu, wenye kizidishi α kinachobeba tungamo na ugumu wa ukuta. Damu inapotatuliwa inajua tayari kwamba ukuta utanyumbuka ukisukumwa. Badia, Nobile na Vergara waliifafanua mwaka 2008, na kwa ukuta mwembamba inatulia bila ulegezaji wowote.

*Inachodai.* Lazima uweze kubadilisha sharti la mpaka ndani ya kikokotozi cha damu. Programu iliyofungwa haikupi nafasi hiyo. Kwenye solids4foam, inayokaa juu ya OpenFOAM, lipo sharti la presha la aina hii. Kwenye msimbo wako wa elementi zenye kikomo (finite element) ni kuongeza kipande kimoja cha muunganiko juu ya mpaka.

*Namba za kuanzia.* α = ρh/Δt + EhΔt/(R²(1−ν²)). Kwa bomba letu: 1.2/0.0001 = 12 000, na sehemu ya ugumu 1 319; jumla kg/(m²·s) 13 300. Angalia jinsi sehemu ya tungamo inavyoizidi ile ya ugumu kwa hatua ndogo; kwa ms 1 mambo yanageuka, 1 200 dhidi ya 13 190. Ukichapa α moja na kuisahau unapobadilisha Δt, umeharibu kazi yako mwenyewe.

*Inapoharibika.* α kubwa mno inaifanya damu ione ukuta mgumu, na marudio yanarudi kuwa mengi kama ya Dirichlet (damu inayopangiwa mwendo wa ukuta tu). α ndogo mno inaacha mpaka uelee kwa presha peke yake. Kosa la kawaida ni kutumia R moja kwa jiometria ya mgonjwa. Sehemu ya ugumu inagawanywa kwa R mraba: kwenye anurizimu ambapo R inapanda kutoka mm 5 hadi mm 15, ugumu huo unashuka mara tisa. Kokotoa R ya kila mahali kutoka kwenye mkunjo wa uso. Ukuta mnene, au tishu inayozidi kukaza inavyovutwa, inafanya makadirio ya α yapungue nguvu. Inabaki kusaidia, ila usitegemee itulie kwa marudio mawili.

Kuna hali moja ambapo Robin haina mshindani kati ya njia za vikokotozi viwili: chumba kilichofungwa. Kama damu inaingia kwa kasi uliyoipanga na hakuna mlango wa presha (vali imefungwa, puto limezibwa), ukuta uliopangiwa mwendo lazima utoe ujazo sawasawa na ulioingia. Msogeo wa kukisia hautimizi hilo, na presha inakosa suluhisho kabisa. Aitken na IQN-ILS za kawaida zinakwama hapo hata ω iwe ndogo kiasi gani, ila Robin inapita kwa sababu mpaka una nafasi ya kunyumbuka.

*Inamfaa nani.* Anayeandika au kuhariri msimbo wake, mwenye ukuta mwembamba na mapigo mengi ya moyo ya kuendesha, pale ambapo kila mrudio uliookolewa ni siku iliyookolewa.

4. Mfumo mmoja

*Kazi yake.* Kasi, presha na msogeo vinaingia kwenye matriksi moja na kutatuliwa pamoja kwa marudio ya Newton. Hakuna kupeana taarifa, kwa hiyo tungamo la ziada halina pa kuleta mtetemo.

*Inachodai.* Programu iliyojengwa hivyo tangu msingi: svMultiPhysics ya SimVascular, FEBio, turtleFSI, au COMSOL kwa mwenye leseni. Tatu za kwanza ni za bure. Unaachana na kikokotozi ulichokizoea, na kazi yako ya mipaka, meshi na nyenzo inaanza upya. Kumbukumbu nayo ni gharama halisi: meshi ya nodi laki chache kwa utatuzi wa moja kwa moja haiingii kwenye GB 16, na utatuzi wa kurudiarudia unahitaji kitayarishi kizuri cha matriksi, la sivyo GMRES, mbinu ya utatuzi huo, inasota bila kushuka. Ugumu wa ukuta na mnato wa damu viko kwenye ukubwa tofauti kabisa ndani ya matriksi ileile, na hapo ndipo shida inapozaliwa.

*Namba za kuanzia.* Alfa ya jumla (generalized-α, mbinu ya kusogeza muda) yenye nusu kipenyo cha spektra 0.5, namba inayozidi kupunguza mtetemo wa masafa ya juu kadiri inavyoshuka chini ya 1, ni mahali salama. Kwenye turtleFSI, theta (namba ya mbinu yake ya muda) ya 0.5 tupu ni Crank–Nicolson, mbinu isiyopunguza mtetemo wowote, 0.501 inatosha kuondoa mlipuko wa polepole bila kuua ishara. Newton ipunguze baki hadi 1e-6 kwa kila hatua.

*Inapoharibika.* Mtetemo ukitokea hapa, usiutafute kwenye uunganishaji, haupo. Tafuta mbinu ya muda, presha iliyopakiwa ghafla, ukuta usiobanika (ν juu ya 0.49 kwa elementi za mstari) unaotoa presha ya juu na ya chini kwa kupishana seli kwa seli kama ubao wa drafti, au milango ya kutokea. Kushindwa kwa kweli kwa njia hii kunaonekana kwa Newton: baki linashuka mara mbili kisha linagoma. Punguza hatua ya muda; hapa, tofauti na kule juu, dawa hiyo inafanya kazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mishipa mirefu yenye matawi, ukuta laini sana au kazi za mara kwa mara za aina moja, na mwenye seva ya kuendeshea.

Kuhusu njia za mkato

Kuongeza densiti ya ukuta mara kumi kunatuliza karibu kila kitu, na kama jaribio la kutambua ugonjwa ni zuri. Kama suluhisho, linabadilisha mwendo wa ukuta na wa wimbi la presha, na hakuna tena anayejua umekokotoa mshipa wa nani. Kuipa damu ubanikaji kidogo kunavumilika ikiwa kasi ya sauti uliyoiweka iko mbali juu ya m/s 5.5 ya wimbi la ukuta. Mtepeto (kizuizi cha mwendo kinachomeza nishati) wa nje ya ukuta ni jambo tofauti: ateri imezungukwa na tishu kweli, na sharti la chemchemi na mtepeto upande wa nje ni fizikia halali. Usiliogope, ila lisiwe kichaka cha kufichia uunganishaji ambao haujatulia.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una programu mbili zilizofungwa na mshipa mfupi kuliko mara tano ya kipenyo chake: anza na Aitken, ω chini ya kikomo ulichokokotoa. Faili la mabaki likionyesha baki linashuka kila hatua kwa marudio chini ya 15, endelea nayo. Huna sababu ya kuhama.

Aitken inafika mrudio wa 50 kila hatua: nenda IQN-ILS bila kugusa kitu kingine, na kaza kikokotozi cha damu siku hiyohiyo.

IQN-ILS inatulia moyo unapolegea lakini inaruka unapobana: punguza kumbukumbu ya hatua zilizopita na upandishe kichujio kabla ya kufikiria kuhama.

Una msimbo wako, ukuta mwembamba, au chumba kilichofungwa: Robin, na α ya kila mahali.

Modeli ina aota nzima na matawi yake na utaendesha wagonjwa wengi: gharama ya kuhamia mfumo mmoja inalipika. Kwa mgonjwa mmoja kwenye kompyuta ya mkononi, hailipiki. Kama ukuta unasogea kidogo tu na unachotaka ni kasi ya wimbi na presha, mbinu ya CMM (coupled momentum method) ndani ya SimVascular, ambayo haisogezi meshi kabisa, itakupa jibu kwa sehemu ndogo ya gharama.

Unachunguza anurizimu za ubongo na mtetemo wa masafa ya juu ndio unaoutafuta: hapo uwe mwangalifu zaidi na kila kipunguza mtetemo. Tafiti za mwaka 2022 zilizotumia turtleFSI zilionyesha kuta za anurizimu zikitetemeka kwa masafa maalumu kutokana na mtiririko wenye misukosuko, na ALPHA ya −0.3 au nusu kipenyo cha spektra cha chini vinaweza kuufuta mtetemo huo pamoja na kelele. Tumia mfumo mmoja wenye theta karibu na 0.5, punguza hatua ya muda nusu kwa nusu, na uukubali mtetemo ule tu ambao masafa yake hayahami hatua inapobadilika.